Mwani wa Sista

Mswaki ule ulikuwa umekwisha kustaafu kazi ya meno. Siku hizi kazi yake ilikuwa moja tu, kusugua mawe ya ndani ya tangi la samaki, na asubuhi hiyo Sista alikuwa ameketi juu ya stuli ya plastiki pale sebuleni, mkono umezama majini hadi kwenye kiwiko, akisugua kwa nguvu kama anayemsugua mtu aliyemkosea. Mwani ulikuwa umeota juu ya mawe, laini, wa kijani kibichi, mrefu kama nywele za mtoto ambaye hajawahi kunyolewa. Kila alipoung'oa, vipande vilielea na kwenda kujishikiza mahali pengine. Akavikimbiza kwa mpira wa kunyonyea maji, akavitema kwenye ndoo, akarudi tena. Wiki iliyopita alifanya hivyohivyo, na iliyotangulia pia.

"Mshenzi mkubwa wewe," aliuambia mwani.

Mtaani walimwita Sista kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa muuguzi tangu ujana hadi kustaafu, na sehemu kubwa ya miaka hiyo aliimalizia katika chumba cha kufungia vidonda. Hata sasa watu walimpigia hodi wakiwa na vidole vilivyojikata na visigino vilivyopasuka. Alikuwa na mkono mwepesi na mdomo mchungu. Mtu aliyeacha kidonda kikaoza kwa uzembe wake mwenyewe alitibiwa na kusemwa kwa wakati mmoja, na akirudi kubadilishiwa bendeji alisemwa upya.

Tangi halikuwa wazo lake. Lilijengwa na mwanawe wa mwisho, ambaye nyumba nzima ilimwita Kitinda, enzi zile alipokuwa bado anakaa kwao. Kitinda alikuwa fundi wa mitambo ya kupoza, na alikuwa na tabia moja iliyomfuata tangu utotoni: hakuwahi kuamini kitu kimoja. Alikwenda shule na penseli mbili, na ya tatu ameificha kwenye soksi. Tangi lake likawa na pampu mbili, machujio mawili na vipimajoto viwili, kimoja kila upande. "Kimoja kikifa, kingine kinashika," alikuwa akisema, na mama yake alicheka, akidhani huo ni ufundi tu.

Kitinda alipopata kazi ng'ambo, kwenye maghala ya kugandishia nyama, tangi likabaki na mama. Kabla ya kuondoka alimfundisha kila kitu. Chumvi inachanganywa kwa kipimo. Maji yakipungua kwa joto unaongeza maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi, kwa maana chumvi haipai na mvuke, inabaki ndani. Na chakula, mama, chakula ni kidogo tu, kile kinachobanwa na vidole viwili, mara moja kwa siku. Kinachobaki kinaoza, na uozo ndio mbolea ya mwani. Sista alielewa kabla hata hajamaliza kuelezwa. Hicho kilikuwa kidonda, na vidonda alivijua. Uchafu ukiubakiza ndani, utapaka dawa mpaka uchoke, kitatunga usaha tu.

Akalipenda lile tangi, ingawa ungemuuliza angekataa. Alikuwa na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, mume na mke, wagomvi kama wanandoa wengine. Alikuwa na mmoja wa njano, bapa kama sahani, mwenye macho ya mtu anayedai haki yake. Alikuwa na konokono wa kulamba vioo. Kila asubuhi, akitokea jikoni, alisimama pembe ya kushoto, akabana chakula chake na kukidondosha, na samaki wote walikuwa wamekwisha kujipanga pale wakimngoja. Miaka ikapita, na tangi liling'aa hata wageni wakawa wanasahau kunywa chai yao.

Mambo yaliharibika baada ya Kitinda kuja likizo.

Mwanzoni mwa likizo hiyo Sista aliunguza maharage. Siku hiyohiyo jioni aliwalisha samaki, simu ikalia, akaongea na mtu wa zamani wa hospitali wakachekeshana, kisha akarudi akawalisha tena. Kitinda aliona yote mawili. Mtoto aliyelelewa na mdomo ule, aliyezoea kuambiwa kila jambo usoni, alinyamaza kimya kama mgeni, akamaliza likizo yake, akakumbatia watu, akapanda ndege.

Na mwani ukaanza. Kwanza vumbi la kijani kwenye kioo, ambalo hakulijali. Kisha manyoya kwenye mawe, halafu zile nywele. Sista akapigana nao kwa kila alichofundishwa. Alipunguza saa za taa. Alibadilisha maji mara nyingi kuliko zamani, akibeba ndoo na goti lake bovu. Alifungua pampu zote mbili akaziosha hadi kwenye vipande vidogo. Alitia chujio jipya la maji. Aliongeza konokono, nao wakala mpaka wakachoka. Ule mtungi wa kukamulia povu, ambao unatoa uchafu majini kabla haujaoza, ulikuwa unajaa maji meusi yanayonuka kila baada ya muda mfupi, wakati zamani ulikaa siku nyingi. Kilikuwa kidonda kinachosafishwa kila siku na hakiponi, na muuguzi yeyote anajua maana yake: kuna kitu kinaingia.

Kila Jumapili mchana Kitinda alipiga simu ya picha. Hakuanza na salamu. Alianza na "Samaki hawajambo?" Sista alikuwa na desturi ya kufuta kioo cha mbele tu kabla ya simu, ili amwonyeshe mahali safi. Lakini mwani haukustirika. Ulionekana nyuma, unapepea.

"Mama, unawalisha mara ngapi?"

"Mara moja. Umenifundisha mwenyewe."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

Kisha kimya. Ule ukimya ndio uliomkata maini Sista. Alikuwa ameusikia zamani, na wakati huo yeye ndiye aliyekuwa akinyamaza. Mama yake mzazi alimaliza maisha yake akimwita "yule mwanamke wa sindano", na kabla ya kufika huko kulikuwa na miezi mingi ya kuulizwa hivyo, una uhakika, mama, una uhakika, na kila mtu chumbani akitazama sakafu.

Baada ya hapo vitu vikaanza kumtoka mkononi kimojakimoja. Mume wake, Mzee, ambaye maisha yake yote alikuwa msoma mita za maji na hakuwahi kuingia jikoni ila kuuliza chakula kimeiva lini, akaanza kuufunga mtungi wa gesi kila alipomwona mkewe ametoka kidogo. Nyumba nzima ikala maharage yaliyoiva nusu. Binti yao mkubwa, aliyeolewa mitaa miwili kutoka pale na kufanya kazi kwenye duka la dawa, akaleta kijisanduku chenye vyumba saba vya vidonge vya presha, akavipanga mwenyewe. Sista aligawa vidonge wodi nzima, kwa watu waliokuwa wakivitema na kuvificha chini ya mito, na leo anapangiwa vyake kama mtoto anayepangiwa peremende! Akiinua mkoba wa sokoni, binti anajitokeza, "Ngoja twende wote, mama." Akiingia chumbani, mazungumzo yanashuka sauti.

Hatimaye binti akalisema. Alikuja siku ya Jumatatu, akakaa ukingoni mwa kochi.

"Mama, tumekaa tukazungumza, mimi na Kitinda na baba. Hili tangi linakuchosha. Kitinda amepata mtu wa kulinunua, atakuja Jumamosi."

"Mmezungumza lini? Mimi nilikuwa wapi?"

"Mama, usikasirike."

"Nimekuuliza nilikuwa wapi."

"Na tumeonelea, wewe na baba mje mkae kwangu. Kile chumba cha nyuma kiko wazi. Utapumzika. Huku tutafunga."

Sista alimtupia jicho mumewe. Mzee alikuwa kwenye kiti chake kilicho upande wa kulia wa tangi, gazeti limemfunika uso, na gazeti halikugeuzwa ukurasa. Amekubali, basi. Amekubali nyumba hii ifungwe na hata hakumwambia.

Alitaka kutoa povu. Maneno yalimjaa kifuani, yale ya chumba cha vidonda, makali na yaliyopangika vizuri. Lakini akayameza, kwa sababu kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Hakuwa na uhakika. Ilikuwa imemtokea, zaidi ya mara moja, kusimama pembe ya kushoto na kikopo mkononi asikumbuke kama amewalisha au bado. Je, ikiwa wanasema kweli? Hasira zake zote zilikuwa zimesimama juu ya hofu hiyo, nazo zilikuwa zinayumba. Kama ni yeye anayewalisha mara mbili na tatu bila kujijua, basi tangi liende. Na yeye aende chumba cha nyuma, akapangiwe vidonge, mpaka siku atakapomwita binti yake "yule mwanamke wa dawa".

Binti alipoondoka, Sista alifanya kitu ambacho angekifanya wodini. Mgonjwa ambaye humwelewi, unamzuia chakula kwanza, kisha unaangalia. Samaki wenye afya wanaweza kukaa siku kadhaa bila kula na wasidhurike. Akakifungia kikopo cha chakula ndani ya sanduku la sare zake za zamani, ufunguo akautia kwenye uzi na kuuvaa shingoni, hata akioga. Basi. Sasa ajue moja.

Jumanne hakuwalisha. Jumatano pia. Alingojea waje pembe ya kushoto kuomba. Hawakuja. Walizunguka tu polepole, matumbo yamejaa. Alhamisi akachutama, akatazama mchanga wa chini kwa miwani yake ya kusomea, akaona punje za chakula, nyekundu, zimevimba, mpya.

Alikaa chini palepale sakafuni. Akaushika ufunguo shingoni. Ulikuwepo. Kwa muda kidogo likamjia wazo baya kuliko yote: labda anaamka usingizini, anafungua sanduku, anawalisha, anarudi kitandani. Akajikongoja mpaka chumbani, akafungua sanduku. Kikopo kilikuwa ndani ya kofia yake nyeupe ya uuguzi, alikokiweka, na ile pini aliyoipachika juu ya kitambaa, kwa namna yake ya kupachika ambayo hakuna mwingine aijuaye, haikuguswa.

Sista akarudi sebuleni, akachukua shati la kushona kifungo, akaketi.

Mzee alikuwa kwenye kiti chake. Akakunja gazeti, akainuka kwenda kunywa maji. Kabla hajafika hata hatua mbili, samaki wote watatu walitoka mafichoni mwao wakakimbilia pembe ya kulia, wakajibana pale juu ya maji, midomo wazi. Mzee aliwaona. Akamtazama mkewe. Akajikohoza kidogo na kwenda zake jikoni. Samaki wakabaki pale wakimngoja, yule wa njano akionekana kuudhika.

Kifungo kilimtoka Sista mkononi, kikabingirika chini ya kochi.

Wodini alijua, bila kutazama saa, mgeni wa nani amefika getini. Mgonjwa aliyelala kama gogo anaanza kugeuza kichwa mlangoni. Tumbo linamjua anayelilisha.

Jioni binti akapitia kuona kama mama ametulia. Alipoutua mkoba wake mezani, mnyororo wa mkoba ukalia, na samaki wakapanda moja kwa moja katikati, chini ya taa. Ijumaa asubuhi jirani wa ukuta mmoja, fundi cherehani, mwanamke mwema mwenye pini mdomoni muda wote, aliyekuwa na ufunguo wa akiba wa nyumba, akaja kurudisha kichungio cha unga. Akapita dirishani. Samaki wakageuka wakaenda nyuma, upande wa dirisha.

Sista karibu acheke. Kicheko kilifika kooni, lakini kilipofika kilikuwa kimebadilika. Aliwahi kukasirika mara nyingi maishani, kwa madaktari waliochelewa, kwa bendeji zilizokwisha, kwa wanaume wanaoleta wake zao wamevimba macho na kusema ameanguka. Hii ilizidi zote. Miezi yote hii alikuwa akijichunguza mwenyewe kama maiti, akijiuliza akili yake inavuja wapi, na watu wake mwenyewe walimtazama akijichunguza. Hakumsema mtu siku hiyo. Alipika, akala, akamwambia mumewe usiku mwema. Mzee, ambaye alimjua, akaogopa.

Jumamosi mnunuzi akaja na ndoo zake na mapipa mawili. Alikuwa mtu mchangamfu, mwenye matangi mengi kwake. Binti alikuwepo kusaidia, na fundi cherehani amekuja kuaga samaki. Mnunuzi akainama kwenye kioo, akapiga mluzi.

"Mama, mwani huu! Na hawa samaki mbona wamenona hivi?"

"Ngoja kidogo, mwanangu," Sista akamwambia. "Weka ndoo chini. Nina kazi na hawa watu."

Akajifunga kitambaa kichwani kama alivyokuwa akifanya kabla ya kidonda kibaya.

"Baba watoto. Simama. Kaa pale pembeni, karibu na kiti chako."

"Mke wangu, kuna nini?"

"Simama pale."

Mzee akasimama pale. Samaki wakamfuata mbio, wakajibana pembe ya kulia.

"Sawa. Ondoka. Wewe binti, shika mkoba wako, usogee katikati."

"Mama, haya mambo gani mbele ya mgeni?"

"Sogea."

Mnyororo ukalia. Samaki wakapanda chini ya taa. Fundi cherehani hakungoja kuitwa. Alitoa pini mdomoni, akaenda mwenyewe upande wa dirisha akiwa ameinamisha kichwa, na samaki wakaenda kumlaki.

Kisha Sista akatembea taratibu hadi pembe ya kushoto, mahali alipowalishia miaka yote ile, akasimama. Wale wa chungwa hawakushughulika. Yule wa njano aligeuza jicho moja, akamwangalia, akabaki dirishani.

"Mimi ndiye ninayewalisha mara mbili," alisema. "Mimi ndiye ninayesahau. Tangu Jumanne sijawapa hata punje, chakula changu kimefungiwa, ufunguo huu hapa. Haya, semeni."

Pampu zote mbili zilinguruma.

"Semeni! Au mpaka niwapeleke mbele ya konokono pia?"

Mzee ndiye aliyeanza. Alitia mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa kikopo kidogo.

"Kijana aliniomba. Akiwa likizo. Alisema siku nyingine unasahau kuwalisha, watakufa njaa, na wewe utaumia. Akasema niwarushie kidogo tu, bila kukuambia, usije ukajisikia vibaya. Kidogo tu, mke wangu."

Binti alimgeukia baba yake, ametoa macho. "Baba! Mimi ndiye niliyeombwa!" Akafungua mkoba. Kikopo kilekile, karatasi ileile. "Alisema baba naye hasomeki, nisimtegemee."

Fundi cherehani akasema kwa sauti ya chini kwamba chake kiko nyumbani, kati ya mabunda ya uzi. Naye aliambiwa kidogo tu. "Alisema hawa wote wana shughuli zao, Sista. Mimi ndiye wa mwisho, kama wote wameshindwa."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kitinda, ambaye hakuamini kitu kimoja, alimwekea mama yake akiba. Kisha akaiwekea akiba ile akiba, na nyingine juu yake, na hakumwambia yeyote habari za mwenziwe, kwa sababu ya aibu, au huruma, au huo ufundi wake. Na kila mmoja alirusha kidogo chake kwa moyo mweupe. Mwani ulipoota, aliyeulizwa una uhakika alikuwa mmoja.

Sista alianza na mumewe, na alianza kwa sauti ndogo, ambayo ilikuwa mbaya zaidi.

"Ulikaa kwenye kiti hicho. Ulisikia mtoto wako ananiambia nyumba inafungwa kwa sababu akili yangu imekwisha. Na vidole vyako vilikuwa vinanuka chakula cha samaki."

"Sikudhani kidogo kile…"

"Hukudhani! Ulinifungia gesi! Nimekula maharage mabichi miezi mizima, nimejikaza kisabuni, nikasema labda wana haki, labda mimi ni kama mama yangu. Nililala nikijaribu majina ya watoto wangu kimoyomoyo nione kama bado ninayo! Unajua hilo? Ulikuwa umelala kando yangu, unajua hilo?"

Mzee hakujua. Macho yalimjaa maji na Sista hakuyahurumia. Binti alianza kulia, akaambiwa akalilie barazani. Mnunuzi alikuwa ameshachukua ndoo zake na kurudi nyuma hadi mlangoni, mwenye adabu, akisema ataondoka tu, mama, hakuna shida, biashara siku nyingine.

Hapo ndipo simu ilipolia. Kitinda alikuwa anataka kujua kama tangi limepakiwa salama. Uso wake ulijaa kwenye kioo cha simu, nyuma yake kuna milango ya chuma ya maghala.

"Mama! Samaki hawajambo?"

Sista aliigeuza simu, akamwonyesha vikopo viwili alivyovipanga juu ya meza, na fundi cherehani akiingia mbio na cha tatu. Hakueleza. Kitinda alitazama. Kulikuwa na ukimya, lakini safari hii haukuwa wa Sista kuogopa.

"Mama," alisema mwishowe, "niliogopa. Nilikuona siku ile… na bibi alivyokuwa… Sikutaka ukasirike."

"Nimekasirika."

"Najua."

"Hujui. Ukae ukijua. Ulikuwa na mdomo, ulikuwa umekaa hapa kwenye kochi hili, unakula maharage yangu yaliyoungua. Ungesema, mama, leo umewalisha mara mbili. Ningekutukana, halafu ningekusikia. Badala yake umenizungushia walinzi. Mimi si pampu, Kitinda. Pampu ndiyo inayowekewa nyingine nyuma yake bila kuulizwa."

"Nisamehe, mama."

"Bado. Nitakuambia siku nikiwa tayari. Na ukipiga tena, anza na salamu."

"Shikamoo, mama."

Sista aliuangalia ule uso, mkubwa kiumri na mdogo kwa aibu, na kidole chake kikazima simu bila kuitikia. Aliitikia Jumapili ya pili yake.

Vikopo vitatu vikaingia sanduku la sare. Ufunguo wa nyumba ukarudishwa na fundi cherehani bila kuombwa. Kijisanduku cha vidonge kikawekwa vifungo vya mashati, kila rangi chumba chake. Mzee akapewa mswaki, na kila asubuhi kwa majuma mengi aliketi juu ya stuli ya plastiki, mkono umezama hadi kiwiko, akisugua mawe, na mkewe amesimama nyuma yake akimwonyesha alipobakiza. Mwani haukufa kwa mara moja. Ulikosa chakula tu. Ukapauka, ukawa mfupi, konokono wakauzidi nguvu, na siku moja jiwe la mbele likaonekana kwa rangi yake ya zambarau, ambayo walikuwa wameisahau wote.

Baadaye, alasiri moja, Sista alisimama pembe ya kushoto, kikopo mkononi, na hakukumbuka. Ile hofu ya zamani ikampanda miguuni. Akatazama kiooni. Samaki wote watatu walikuwa pale mbele yake, pembe ya kushoto, midomo wazi, na yule wa njano amekasirika waziwazi. Akabana chakula, akakidondosha, wakakipokea.

"Leo nilisahau kuwalisha mpaka sasa hivi," alisema, kwa sauti, ili asikike.

Mzee alishusha gazeti.

"Hata mimi," alisema, "nadhani nimesahau kuizima pasi."

"Pasi gani?"

Walifika chumbani pamoja, goti bovu na yote. Suruali nzuri ya Mzee ilikuwa na tundu lenye umbo la pasi, na moshi umejaa hadi darini. Sista aliichomoa ile pasi, akafungua dirisha, akamsema mumewe kwa sauti iliyomfikia fundi cherehani na nyumba mbili zaidi. Mzee alisemwa, akaomba radhi, akaitupa suruali.

Hakuna aliyempigia Kitinda simu.